Pawa (msumeno wa petroli) ikipata joto inazima, haiwaki mpaka ipoe. Ninunue kabureta au nini?

Mpogoaji wa Kisauni
Assalam aleikum wakubwa kwa wadogo. Kazi yangu ni kupogoa na kuangusha miti, zaidi huku Nyali na Bamburi: minazi, miembe, miarobaini, na mivinje ya wenye majumba. Nina pawa ya Kichina ya sisi (cc, ukubwa wa injini) 58. Asubuhi inashika kwa mvuto mmoja miwili, inakata bila matata. Ikishafanya kazi kama nusu saa inaanza kukohoa, inazima, na hapo uvute kamba mpaka bega liteguke, haiwaki. Nikiiweka kivulini ikapoa, inashika tena kama hakukutokea kitu.

Fundi wa kwanza kasema kabureta imekwisha. Wa pili kasema pistoni na ringi. Hakuna hata mmoja aliyeifungua, wamesikiliza mlio tu wakataja bei. Petroli nachanganya lita 5 kwa mililita 100 za oili, napima kwa chupa yenye alama. Nina pesa ya kununua kitu kimoja. Nianze na kipi?

Fundi Makupa
Waaleikum salaam. Usianze na chochote, weka pesa mfukoni kwanza. Mchanganyiko wako uko sawa, hiyo ni 50 kwa 1.

Pawa inayowaka baridi na kukataa moto hupimwa palepale inapozima. Ukiileta kwa fundi kesho yake imeshapoa, naye atabahatisha, ndiyo maana umepewa majibu mawili. Siku ikizima, kabla ya kitu kingine, fungua kifuniko cha tangi la petroli. Ukisikia "fyuu" ya kuvuta hewa, kisha ukifunga ikawaka, tundu la kupumulia la tangi limeziba. Petroli inatoka lakini hewa haiingii, mwisho injini inakaa na njaa. Hapo ni kusafisha tu.

Kama si hivyo, toa plagi ingali moto. Ichomeke kwenye kofia yake, gusisha chuma chake kwenye silinda, mbali na tundu ilimotoka, maana mvuke wa petroli unaotoka pale unaweza kulipuka usoni. Pangusa petroli yoyote iliyomwagika. Vuta kamba. Cheche ya buluu, koili, ile inayotengeneza umeme wa plagi, ni nzima. Hakuna cheche, ngoja ipoe upime tena. Ikirudi, ugonjwa ni koili: waya wa ndani ukipata joto unatanuka na kuachana, ukipoa unashikana.

Cheche ikiwepo, vuta kamba polepole uisikilize kwa mkono. Ikiwa nyepesi kuliko asubuhi, kompresheni (mgandamizo wa ndani ya silinda) imeshuka. Ngoja ekzosi ipoe, ifungue, chungulia pistoni. Ukiona mikwaruzo ya kushuka chini, basi fundi wa pili ana haki yake. Kabureta ni ya mwisho kabisa kwenye orodha yangu, ingawa ndiyo ya kwanza kuuzwa.

Bwana Mkubwa 001
Tupa hiyo takataka ununue ya Mjerumani. Shida imekwisha.

Fundi Makupa
Kaka, kasema ana pesa ya kitu kimoja. Na ya Mjerumani nayo ina koili.

Bi Mbao wa Likoni
Mwanangu, unakata nini zaidi siku hizi? Nauliza kwa sababu nina vijana wanaonipasulia minazi, na pawa zao zilikuwa na tabia hiyohiyo.

Mpogoaji wa Kisauni
Shikamoo bi mkubwa. Minazi iliyokufa, zaidi ya yote. Mingine imesimama mikavu miaka.

Bi Mbao wa Likoni
Marahaba. Basi sikiliza. Mnazi si mwembe. Ugumu wake wote uko nje, ndani ni laini, na kule nje mna madini yanayokula meno ya cheni haraka kuliko mti mwingine wowote ninaoununua. Ongeza mchanga uliokwama kwenye gome. Tazama kinachotoka: cheni kali inatema vipande kama machicha. Ikitoa unga mwembamba, imeshakufa, na wewe utakuwa unaisukuma kwa kifua. Injini inavuta kwa nguvu zote na joto linapanda.

Vijana wangu hawaendi kwa mnazi bila tupa ya kunolea. Kila wakijaza petroli, wanapitisha tupa mara mbili tatu kila jino, kuelekea upande mmoja tu. Saizi ya tupa itafute kulingana na cheni: cheni ya saizi ya inchi .325 inataka milimita 4.8, usichukue yoyote uliyoikuta dukani. Na vile vinundu vilivyo mbele ya kila jino navyo vishushwe kidogo meno yakishapungua, visibaki juu vikazuia jino kuuma.

Halafu ondoa kifuniko cha upande wa kamba, uone mapezi ya silinda. Unga wa mnazi ukichanganyika na oili unaganda pale, na hewa ya kupozea haipiti.

Mkwezi Tudor
Nyote mmesema ya mashine, mimi nasema ya mtu. Pawa inayozima ovyo usipande nayo juu. Ya sisi 58 ni nzito hata kwa mti wa chini. Ukiwa juu ya mwembe ikakuzimia, utaanza kuvuta kamba kwa mkono mmoja, na mwingine umekumbatia tawi. Juu tumia msumeno wa mkono, pawa ibaki chini ya kukata magogo. Na karibu na nyaya za umeme, mpaka Kenya Power wazime.

Jingine: ikiwa moto usivute choki, ile ya kuwashia ikiwa baridi. Unaijaza petroli, plagi inalowa, halafu unadhani ugonjwa umezidi.

Mpogoaji wa Kisauni
Nimerudi na majibu. Nimeikatia gogo mpaka ikazima. Tangi: hakuna fyuu. Cheche ikiwa moto: hakuna, giza totoro. Ilipopoa: cheche ya buluu. Mapezi nayo nimeyakuta yamezibwa kabisa, nimekwangua kwa kijiti na brashi, chungu nzima imetoka. Basi ninunue koili?

Fundi Makupa
Karibu, lakini bado. Ule waya mwembamba unaotoka kwenye koili kwenda kwenye swichi ya kuzimia, uchomoe. Ukichubuka na kugusa chuma, pawa inajiona imezimwa. Pima cheche bila huo waya, ikiwa moto. Usiiwashe tu, maana swichi haitaizima tena.

Ikikataa hata hivyo, nunua. Wakati wa kufunga, zungusha gurudumu mpaka sumaku iwe mbele ya koili, weka katikati kadi ngumu, zile watu wanazogawana zenye namba za simu, acha sumaku ivute koili, kaza skrubu, chomoa kadi. Nafasi ya kama milimita 0.3 inatosha.

Mpogoaji wa Kisauni
Nimeuchomoa, bado giza. Nimeagiza koili, na tupa ya 4.8 pia.

Bi Mbao wa Likoni
Ukishaifunga, nina mti wa mkungu unaopasua ukuta wa jirani yangu. Kibali cha kaunti kimeshatoka. Njoo uutazame tuelewane bei, na hiyo cheni uje umeshainoa.