Aliyetoka jela, nani ampangie pa kupanga?

Mtandika: Wakuu, habari za jioni. Mtaani kwetu Tandika kuna jamaa katoka Ukonga, kamaliza kifungo chake cha shambulio la aibu kwa mtoto. Kapanga chumba nyuma ya madrasa. Jumapili mwenyekiti wa mtaa kaitisha kikao, kina mama wanataka ahame, mwenye nyumba keshakula kodi ya miezi sita na hataki kusikia. Kwa nini sisi hatuna sheria kama ya Marekani? Kule mtu wa kosa hilo haishi karibu na shule, nadhani futi mia tano. Na akiwa parole, yaani katolewa mapema kwa masharti, haruhusiwi kuzoeana na wafungwa wenzake. Tujadili bila matusi.

Fundi Cherehani: Mia tano umeitoa wapi mkuu? Florida ni futi 1,000. Miami-Dade wakaona haitoshi, wakaweka 2,500, kama mita 760 hivi. Matokeo yake watu wakakosa pa kulala, wakahamia chini ya daraja la Julia Tuttle, mahema na majenereta, mpaka 2010 walipoondolewa. Sasa pima mita 760 kutoka kila shule, madrasa na chekechea ya Temeke, uone kitakachobaki. Labda Bahari ya Hindi. Halafu huko uswahilini kwenu nyumba moja vyumba nane, choo kimoja, utamtenga nani na nani?

Mama Wawili: "Uswahilini kwenu"? We kaka umezaliwa Ulaya? Nimelea watoto wawili kwenye hivyo vyumba nane na hakuna aliyewagusa, kwa sababu kila mtu anamwona kila mtu. Nyie wenye mageti ndio hamjui hata jina la jirani.

Fundi Cherehani: Dada, mimi nakaa Mbagala Kizuiani na geti langu ni bati. Nilikuwa namaanisha sheria haiwezekani.

Mama Wawili: Ungesema hivyo. Choo kimeingiaje?

Kiroboto: Choo kimeingia kwa sababu kila mjadala wa nchi hii mwisho wake ni chooni 😂

Mzee wa Keko: Vijana, mnaongea kama jambo hili ni jipya. Mkoloni alikuwa na sheria yake ya 1944 ya kuwatoa mijini watu "wasiotakiwa". Sisi wenyewe 1969 tukatunga ya kuwahamishia wahalifu kwenye makazi maalumu. Ikaja 1983 Nguvukazi, unakamatwa Kariakoo kwa kuwa huna kazi, unapelekwa kulima. Tume ya Nyalali, ile ya mfumo wa vyama, ikaja kuziorodhesha hizo kwenye zile sheria 40 mbaya. Na ibara ya 17 ya Katiba inampa raia haki ya kuishi anakotaka. Nani ataaminika kuchora mpaka?

Kiroboto: Shikamoo mzee. Hiyo Nguvukazi ilikukuta Kariakoo?

Mzee wa Keko: Marahaba. Ilinikuta Msimbazi, na kazi nilikuwa nayo. Kitambulisho tu nilisahau nyumbani.

Mama Wawili: Mzee wangu, kwa heshima zote, Nguvukazi ilikamata wazururaji. Hapa tunaongelea mtu aliyemshika mtoto. Usivichanganye.

Nimetoka Juzi: Naomba niseme na mimi. Nimekaa ndani miaka minne, nikatoka kwa msamaha wa Desemba 9. Usiku wa kwanza nililala kwa dada yangu Vingunguti. Asubuhi nikasimama mlangoni muda mrefu, nangoja kufunguliwa. Mlango wenyewe pazia. Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, mbona hutoki?" Wiki ya tatu shemeji akaniambia nitafute kwangu, na serikali ya mtaa wakanizungusha barua ya utambulisho mwezi mzima. Sasa mnataka sheria ya nini, wakati tunafukuzwa bila sheria?

Mama Wawili: Pole kaka. Ila hujataja kosa.

Nimetoka Juzi: Ningesema nimeiba kuku ungenipa chumba?

Mama Wawili: Kuku ningekupa. Ndiyo maana nauliza.

Fundi Cherehani: Hilo ndilo nililokuwa nalisema. Marekani 2002 Mahakama ya Juu ilikubali bibi wa Oakland, miaka 63, aweze kutolewa nyumba ya serikali kwa sababu bintiye alikamatwa na kokeini mitaa mitatu kutoka nyumbani. Mkianza na mfungwa, kesho ni dada yake anayempokea.

Kiroboto: Bibi alikuwa na choo chake?

Mama Wawili: Wewe Kiroboto mama yako yuko wapi?

Mtandika: Jamani turudi kwenye mada. Kikao kimeisha. Jamaa kasema yuko tayari kuhama leo leo ila arudishiwe kodi ya miezi mitano iliyobaki. Mwenye nyumba kasema pesa keshanunulia mabati. Kina mama wanataka mwenyekiti achangishe, mwenyekiti kasema si kazi yake. Mwenye kujua sheria ya mpangaji aniambie, nani analipa hapo?

Mzee wa Keko: Walikuwa na mkataba wa maandishi?

Mtandika: Daftari tu, mzee. Na sahihi ya mjumbe.

Dalali Mstaafu: Samahanini, nimechelewa. Hicho chumba kinachoachwa kina luku yake au cha kuchangia?