Tela la boti linachemsha breki upande mmoja, nimekwama Singida

Kasa wa Kigamboni
Wakuu, habari za jioni. Natokea Dar na boti ya faiba ya futi 19, naipeleka Mwanza kwa shemeji yangu. Navuta kwa Prado. Tela lina ekseli moja, breki za dramu za mafuta, zile ambazo gari likipunguza mwendo kichwa cha tela kinajisukuma chenyewe na kubonyeza masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki. Limeingia na kutoka baharini kwa miaka.

Mpaka Dodoma mambo yalikuwa safi. Tulipoiacha Manyoni nikasikia harufu kama ya klachi inayoungua. Nasimama, rimu ya kushoto haishikiki, ya kulia unaweka kiganja bila shida. Nikaipumzisha, nikaenda taratibu, Ikungi harufu ikarudi. Fundi mmoja hapa mjini anasema beringi. Mwingine anataka azibe bomba la mafuta nifike bila breki za tela. Mbele yangu kuna mteremko wa Sekenke. Naanzia wapi?

Mtoto wa Pangani
Beringi hiyo mkuu. Chumvi haina urafiki na chuma. Fungua, osha, pakia grisi mpya, songa.

Fundi wa Mwalo
Mkuu Kasa, nakuomba usikubali kuzibiwa breki. Boti, injini na tela haviwezi kupungua tani moja, na pale Sekenke mzigo huo wote utaegemea breki za Prado.

Kuhusu beringi, ikifa moto huanzia katikati, kwenye kikombe cha grisi, na ukinyanyua tairi utalikuta linacheza au linakwaruza. Harufu ya klachi ni lainingi inaungua, ile bitana ya brekishuu inayosugua dramu. Na kwa kuwa upande mmoja tu ndio unachemka, kichwa cha tela na masta silinda viweke kando kwanza, maana vikikwama hivyo tairi zote mbili huchemka.

Kesho endesha kidogo mpaka ishike. Simama tambarare, sogea mbele kidogo ili kichwa cha tela kivutike chote. Weka magogo kwenye tairi la kulia, piga jeki kushoto, zungusha kwa mkono. Likigoma, angalia kama tela lako lina mpira wa breki, yaani bomba laini la kupitisha mafuta, kila upande. Kama upo, legeza nati pale bomba la chuma linapoingia kwenye mpira wa kushoto. Zungusha tena. Bado gumu? Sasa legeza skrubu ya kutolea upepo nyuma ya dramu. Mafuta yakiruka na tairi likaachia papo hapo, mpira ndio mgonjwa. Yakitoka kinyonge na tairi bado limeshika, basi tatizo liko ndani ya dramu: silinda imeota kutu, springi imekatika, au brekishuu zimekazwa kupita kiasi.

Mpira wa breki unadanganya sana. Nje unaonekana mzima, ndani umevimba. Unapobreki presha inalazimisha mafuta yapite. Ukiachia, springi za brekishuu hazina nguvu ya kuyarudisha. Ni kama dema, samaki anaingia lakini hatoki.

Na tafadhali usimwagie maji dramu ikiwa ya moto, inaweza kupasuka.

Kasa wa Kigamboni
Mkuu Mungu akubariki. Nati imelegezwa, tairi gumu vilevile. Kugusa tu skrubu ya upepo, mafuta meusi yakaruka mpaka kwenye suruali ya kijana wa jeki, na tairi likazunguka kwa kidole. Mpira tumeukata kwa kisu: tundu limebana kiasi kwamba hata waya wa spoki ya baiskeli haupiti. Mpya umepatikana, nyuzi zinalingana. Wa kulia niuache?

Fundi wa Mwalo
Badili yote miwili, imezeeka pamoja. Halafu fungua dramu ya kushoto kabla hujaondoka. Lainingi iliyoungua hufanya ganda gumu linalong'aa na haishiki tena, na ile sili ya grisi imeshapikwa, weka nyingine. Toa upepo pande zote kwa mafuta mapya, aina ileile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha masta silinda, kutoka kopo ambalo halijafunguliwa.

Sekenke ianze na gia ndogo kutoka juu kabisa. Tela la aina hii linasukuma kichwa chake mteremko mzima hata kama hujakanyaga pedali, kwa hiyo breki zake hazipumziki. Ukifika Shelui, baada ya mteremko, simama, sogeza mgongo wa mkono karibu na dramu zote mbili. Joto likilingana, endelea.

Mwanza usikimbilie kulishusha tela ziwani likiwa la moto. Hewa iliyo ndani ya habu, kile kitovu cha tairi chenye beringi, ikipoa ghafla inanywea na kuvuta maji kupitia sili, hapo ndipo ile beringi aliyoisema ndugu yetu wa Pangani itakufa kweli. Ngoja zipoe ndipo urudi nyuma.