Naomba ushauri: mama ana uvimbe kwenye kongosho

Habari zenu wakuu. Mama yangu, miaka 63, amepigwa CT scan na kukutwa na uvimbe kwenye kichwa cha kongosho (kile kiungo cha nyuma ya tumbo la chakula kinachosaidia kusaga chakula na kudhibiti sukari). Majibu ya kipande cha nyama kilichokatwa kupimwa yanasema ni saratani.

Ilianza macho kuwa ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, choo kimepauka, na kuwashwa hadi anajikuna usiku kucha kwa kitana. Maumivu hakuwa nayo, ndiyo maana tulichelewa kushtuka. Mwaka jana alipata kisukari ghafla na kupungua sana. Sasa daktari anasema huenda vinahusiana.

Ametueleza kwamba uvimbe umebana mrija wa nyongo. Kama haujashika mishipa mikubwa ya damu wala kufika kwenye ini, kuna operesheni ya Whipple: wanatoa kichwa cha kongosho, mfuko wa nyongo na mwanzo wa utumbo mdogo, kisha wanaunganisha upya. Ni operesheni kubwa mno, naogopa.

Waliouguza mgonjwa wa hivi, je, mlianza na stenti (kijibomba kinachowekwa ndani ya mrija) ya kuzibua nyongo au operesheni moja kwa moja? Vidonge vya vimeng'enya vya kusaga chakula vinapatikana wapi Dar? Kila akila mafuta anaharisha.

Halafu kaka hataki mama aambiwe ni saratani. Mimi naona mwili ni wake, ana haki ya kujua kabla hajasaini fomu ya operesheni. Ninyi mliwaambiaje wazazi wenu?

Dawa za mitishamba naombeni msinitumie.