Mbwa mwenye kifafa: apewe mlezi, au achomwe sindano ya mwisho?

Ndugu wanamjadala, hoja ninayoileta ilizuka katika kikao cha mtaa wetu hapa Uyole, Mbeya, baada ya mbwa wangu kuanguka kifafa njiani mbele ya watoto waliokuwa wakitoka shule. Mjumbe mmoja, mzee ninayemheshimu, alisimama akasema kwamba mbwa wa kuokotwa akibainika kuwa na ugonjwa usiopona asitafutiwe mlezi. Aitwe afisa mifugo, achomwe sindano, mambo yaishe. Wengi walimuunga mkono. Mimi sikubaliani naye, ingawa nakiri kwamba katika hoja zake tatu ipo moja ambayo hadi leo sijaipatia jibu la kuniridhisha.

Mbwa mwenyewe ni jike wa kilo 16 hivi, niliyempokea kwa kijana aliyemwokota usiku kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, na kwa sababu hiyo tukamwita Chausiku (jirani mmoja hajanisamehe kumpa mbwa jina la mtu). Kijana hakunificha, alisema amekwisha kumwona akianguka mara mbili. Nilidhani nimeelewa. Alfajiri moja ya mwezi wa Juni, na baridi ya huku mnaijua, nilisikia kishindo jikoni nikamkuta amelala ubavu juu ya magunia ya mahindi, miguu ikichapa hewani, povu likimtoka mdomoni, mkojo ukichuruzika hadi sakafuni. Kwa saa ya simu yangu ilikuwa dakika moja na sekunde arobaini. Kisha akainuka, akajigonga ukutani, akanitazama kama mtu asiyenijua, na ikapita karibu nusu saa kabla mkia haujatikisika.

Hoja ya kwanza ya mzee ilikuwa usalama, na hapo sina ugomvi naye mkubwa. Anayemwona mbwa akitokwa na povu hana kosa kufikiria kwanza kichaa cha mbwa, kwa kuwa ugonjwa huo ukishamtokea mtu kwa dalili ni nadra mno kupona, na kichaa nacho kinaweza kuleta degedege. Tofauti ni kwamba mbwa wa kifafa hurudia hali yake ya kawaida baina ya anguko moja na jingine, hata kwa miezi, ilhali mwenye kichaa huzidi kuharibika na kwa kawaida hufa ndani ya siku 10 tangu dalili zianze. Ndiyo maana mbwa aliyemuuma mtu huwekwa chini ya uangalizi kwa muda huohuo. Kwa hiyo mbwa asiyejulikana alikotoka, akianguka kwa mara ya kwanza, afungiwe peke yake na aonwe na mtaalamu kabla mtu yeyote hajatamka neno kifafa, na mtu asitie mkono mdomoni mwake kwa kudhani atameza ulimi, maana hawezi kuumeza. Asiye na cheti cha chanjo asikabidhiwe kwa mlezi yeyote. Hilo nalisema bila kupepesa macho.

Nisichokubali ni wale waliowakataza watoto wao kukanyaga mahali Chausiku alipoanguka. Kifafa hakiambukizwi kwa mate, si cha mbwa wala cha binadamu, na nadhani wote tunajua ni wagonjwa wangapi wa kibinadamu wamekosa mkono wa kuwainua kwa sababu ya imani hiyohiyo. Jirani Mwislamu anayeepuka mate ya mbwa kwa ajili ya twahara yake, yaani usafi wa ibada, ana jambo lingine kabisa, nalo ni haki yake. Anayeishi nyumba ya kupanga yenye uwanja mmoja na familia tano afikirie mara mbili kabla ya kumleta mbwa wa namna hii.

Hoja ya pili ilikuwa gharama. Watu huhesabu fedha, lakini kwa uzoefu wangu kilicho kizito zaidi ni saa. Dawa aliyoandikiwa ni fenobabitoni, kidonge kimoja na nusu cha miligramu 30 kila baada ya saa 12, huenda kwa maisha yake yote. Nusu ile naikata kwa wembe na kuificha ndani ya tonge la ugali lenye mchuzi wa dagaa. Dawa humwongezea kiu na njaa, na inapotumika kwa muda mrefu ini linatakiwa kupimwa. Jambo ambalo mlezi mpya asipoambiwa amedhulumiwa ni kwamba dawa hii haikatizwi ghafla, kwa sababu kuikatiza kunaweza kuleta maanguko mfululizo, na anguko linalopita dakika 5 ni la kukimbizwa kwa daktari wa mifugo.

Mwaka jana nilikwenda msibani Tukuyu kwa siku tatu. Niliacha dozi sita zimefungwa kwenye karatasi, moja moja, kwa kijana wa jirani. Niliporudi nilikuta karatasi nne hazijafunguliwa, na Chausiku alikuwa ameanguka mara mbili usiku uliotangulia. Kosa lilikuwa langu: nilimpa kijana vidonge bila kumwambia kukosa dozi kunafanya nini.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonikwama. Mzee aliuliza: dawa hiyo si ndiyo wanayomeza watoto wetu wenye kifafa? Ndiyo. Mimi huinunua duka la dawa la binafsi kwa cheti cha daktari wa mifugo, wala sijawahi kuiomba zahanati ya serikali, lakini siku duka linapobakiwa na vidonge vichache, jibu langu hilo linapungua nguvu.

Kikaoni pande zote mbili zilitaja Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, kila upande ukiivuta kwake: wao wakisema kumwacha mnyama aanguke ni mateso, mimi nikisema kumuua anayeishi vizuri kwa vidonge vitatu kwa siku si huruma. Mbwa anayeanguka mfululizo licha ya dawa, hapo nami ningeita sindano. Wengine wapewe walezi, ila ugonjwa uandikwe kwenye karatasi ya makabidhiano, na pawepo watu wawili nyumbani wanaoijua dozi, si mmoja. Mnaopinga, hasa mlioko Iringa, Njombe na Makambako, nawaomba mnijibu hoja ya tatu: duka likibakiwa na kopo moja, nani aamue liende wapi?