Reli za mikoani: pesa iende kwenye kasi ya juu au kwenye sehemu za polepole?

Hoja: njia ni moja, inatumiwa na abiria na mizigo, na treni za abiria zinatakiwa zitoke kilomita 80 kwa saa hadi 120. Pesa haitoshi kufanya yote. Tuanzie wapi?

Mpanga ratiba: Kwenye vizuizi vya mwendo, yaani sehemu ambazo treni inalazimishwa kwenda polepole. Kilomita moja kwa mwendo wa 20 inakula dakika 3. Kwa 80, sekunde 45. Dakika 2 na robo zimepatikana hapo. Ukitaka faida hiyohiyo kwa kutoka 80 hadi 120, unahitaji kilomita 9 nzima.

Mhandisi wa njia: Hesabu ni sawa, lakini uliza kwa nini pale ni 20. Mara nyingi ni maji. Mtaro ukiziba, udongo unalainika; kila gurudumu likipita, taruma, yaani boriti inayobeba reli, linazama na kuinuka, tope linafyonzwa juu hadi linajaza kokoto. Kumwaga kokoto mpya juu ya tope ni kutupa pesa: reli italala tena. Fukua, chimba mtaro, ndipo uweke kokoto safi sentimita 30 chini ya taruma.

Kona nazo hazibembelezwi. Kwenye reli ya upana wa milimita 1,435, kona ya nusukipenyo cha mita 300 kwa mwendo wa 80 inadai mwinuko, yaani reli ya nje kuwa juu kuliko ya ndani, wa milimita 252 ili abiria asisukumwe ubavuni. Inua reli ya nje 150. 100 hivi zinazobaki abiria atazisikia kama msukumo wa ubavuni, na anauvumilia. Kwa 120 inadai 566. Haijengeki, hapo ni kuhamisha njia.

Msimamizi wa mizigo: Na treni yangu inayopita hapo kwa 40? Inataka 63 tu. Ukiinua 150, uzito unaegemea reli ya ndani na kichwa chake kinapondeka. Ishia milimita 110, abiria apite kwa kilomita 70 kwa saa.

Fundi wa ishara: Jamani, na vivuko vya barabara? Kihisi, kifaa kinachotambua treni inakuja, kilicho mita 670 kabla ya kivuko kinatoa onyo la sekunde 30 treni ikija kwa 80. Kwa 120 zinabaki 20. Kisogezeni hadi kilomita 1, basi treni ya mizigo ya 40 itafunga barabara dakika moja na nusu, na watu wataanza kupenya chini ya kizuizi. Kihisi lazima kipime kasi. Ishara za tahadhari nazo zisogezwe, maana umbali wa kusimama unazidi mara mbili.

Mpanga ratiba: Mtaro kwanza, nimekubali. Ila treni iliyookoa dakika 8 ikifika stesheni ikamngoja mwenzake dakika 8, tumefanya nini? Ratiba mpya ichorwe kabla ya koleo kushikwa, na njia ya kupishana ijengwe pale treni zitakapokutana.

Msimamizi wa mizigo: Na iwe ndefu. Treni ya mizigo ikiizidi hata kwa behewa moja, wa abiria ndiye atakayeingizwa pembeni kungoja.