Tupeane uzoefu: uzi na shanga zilizowahi kukuangusha mbele za watu, au kukuokoa

MamaTunga_Tanga
Habari za humu ndugu zangu. Leo kwenye daladala kuna binti kakatikiwa bangili pale anatoa nauli, zile shanga ndogo kabisa, zikamwagika zote miguuni mwa watu, konda anapiga kelele "twende dada twende" na yeye kainama anaokota moja moja. Imeniuma kwa sababu ile kazi ilikuwa imefumwa vizuri, rangi zimepangwa, mshono umekaza, aliyeifuma anajua anachofanya. Nikaokota kipande nikakiangalia, uzi wa cherehani!! Sasa wenzangu mnaofuma vitu vidogo vidogo, hereni, bangili, mikufu, vishikio vya funguo, mnatumia uzi gani na shanga mnachaguaje? Na lililokukuta lisimulie hapa tupone wote.

fundi_makubazi
Uzi wa cherehani ni wa nguo. Kwenye shanga haufai.

Zuhura K
Umesema kweli fundi. Ule wa pamba ndo kabisaa, ukilowa jasho unaoza.

kijana_wa_Kajiado
Sisi huku uzi ni mshipi wa samaki, hakuna mjadala. Hauhitaji sindano maana unasimama wenyewe, unapita kwenye tundu kama waya. Na kina mama wa zamani walikuwa wanafumua gunia la nailoni wanatumia nyuzi zake, kuna kazi za hivyo ziko nyumbani hadi leo hazijakatika.

Sindano12
Kaka mshipi wa plastiki sikubaliani na wewe hata kidogo. Mgumu, ukiukunja unabaki umekunjika, bangili inakaa imejipinda haimkai mtu mkononi. Na ukikaa juani miaka unakakamaa, siku moja unasikia "tak". Uzi wa nailoni uliosokotwa upake nta ya nyuki basi, kazi inalala kama kitambaa.

kijana_wa_Kajiado
Kama kitambaa ya nini? Kola ya kimaasai inatakiwa isimame, ikilala kama kitambaa si kola tena. Ndio maana zile kubwa tunatia waya kabisa. Wewe unaongelea hereni za mjini.

Sindano12
Ndio naongelea hereni za mjini, mada inasema vitu VIDOGO soma vizuri

NeemaNjiro
Jamani ngoja niseme langu, nilikuwa sijawahi kulisimulia popote.

Nilipata oda ya send-off hapa Arusha, mkufu mpana wa kukaa shingoni wa bibi harusi pamoja na hereni zake, mama yake alitaka zambarau na dhahabu basi, hataki rangi nyingine. Duka ninalochukuliaga siku zote zambarau iliisha, nikaenda kwingine, muuzaji akanifungulia pakti akasema hizi ni zilezile dada, mzigo mmoja, akanionyesha na nyingine kiganjani zikang'aa vizuri tu. Nikafuma, usiku na mchana, uzi nilitumia FireLine ule uliosukwa, kwa hiyo kukatika sikuwa na wasiwasi nako, mshono ulikuwa umekaza unauinua hivi haulegei. Siku yenyewe bibi harusi katoka kama malkia, gauni rangi ya maziwa, satini, mkufu umekaa juu yake kila mtu anauliza nani kafanya, nimekaa zangu meza ya nyuma moyo umejaa. Ukumbi una joto, feni mbili tu, shangazi mtu akaja na pafyumu akampulizia shingoni mara mbili tatu kabla ya keki. Wakaanza kucheza. Sasa MC anaita wazazi wapige picha, mi naangalia naona kwenye kifua cha gauni kuna kitu kama kivuli. Nikasema ni taa. Akageuka. Haikuwa taa jamani, zambarau ilikuwa imeshuka, mstari chini ya mkufu wote umezunguka shingo, mwingine umeteremka katikati kama mtu kamwagiwa juisi ya zabibu!! Na shanga zenyewe kuanzia pale alipopuliziwa zimebaki nyeupe za kioo tupu, unaona uzi ndani. Mama yake akaniangalia mimi. Ukumbi mzima bado unacheza, yeye ananiangalia mimi.

Zuhura K
Mungu wangu

binti_wa_Makorora
Eh eh eh endelea dada, gauni lilipona??

NeemaNjiro
Halikupona. Walimfunika kwa ule mtandio wa shangazi huyohuyo wa pafyumu, picha za mwisho zote ana mtandio. Fundi wa gauni alijaribu kulisafisha, doa likapauka ila lipo. Pesa ya mkufu nilirudisha na ya kusafisha nikatoa. Nilirudi kwa muuzaji akaniambia shanga haioshwi, nani kakuambia uvae na pafyumu. Tangu hapo shanga ngeni haiingii kwenye oda ya mtu kabla sijachukua chache nikazitia kwenye asetoni ya kutolea rangi ya kucha zikalala humo, nyingine naziweka batini zipigwe jua. Pinki na zambarau ndio wasumbufu wakubwa, nyingi zimepakwa rangi tu juu au ndani ya tundu. Nyekundu nzito, nyeusi, bluu iliyoiva ambayo rangi iko kwenye kioo chenyewe haziendi popote.

binti_wa_Makorora
Na huyo bibi harusi mliongea baadae?

fundi_makubazi
Aliolewa lakini?

NeemaNjiro
Aliolewa, ana watoto wawili. Amewahi kuniagiza hereni tena, yeye hana shida. Mama yake ndo hanisalimii.

Mzee wa Kongo St
Shida yenu mnanunua za Kichina, nunua za Cheki, Preciosa, zile zinakuja zimetungwa kwenye mashada. Hapo umemaliza.

Zuhura K
Mzee si kila ya Kichina ni mbaya, mtaji wa watu humu haulingani. Mimi nimeanza na za pakti za Kariakoo, nachambua tu, nzima nafumia, mbovu natupa.

Mzee wa Kongo St
Ukitupa robo ya pakti umenunua bei gani sasa? Piga hesabu binti yangu.

Sindano12
Hapo mzee namuunga mkono. Za bei rahisi ukizimwaga kwenye sahani utaona mwenyewe, hii nene, hii bapa, hii tundu limezibwa nusu, na mdomo wa tundu una makali kama chupa iliyovunjika. Hayo makali ndiyo yanakata uzi, watu wanalaumu uzi bure. Zile ndefu za bomba ndo hatari zaidi, mimi kila mwisho wa bomba natia ushanga wa duara mmoja, uzi ugeukie pale usiguse makali. Kama kazi ni ya kufuma bapa kwa sindano kama tofali na una hela, Miyuki Delica za Japani, kila moja sawa na mwenzake, ukimaliza inakaa kama kigae.

Asha_Muscat
Huku Oman nazipata hizo Delica ila bei jamani, kigramu kidogo tu. Naziwekea oda maalum, za watoto natumia za Cheki.

babu_wa_misafara
Mada nzuri. Watu wa pwani walilijua hili zamani sana, karne ya 19 misafara ya kwenda bara ilibeba shanga kama pesa ya kununulia chakula njiani, na kila sehemu ina rangi yake inayotakiwa. Sami-sami zile nyekundu zilikuwa na soko zuri, lakini ukifika mahali na rangi wasiyoitaka mzigo mzima haukununulii hata mtama. Kuchagua shanga ni elimu.

fundi_makubazi
Mzee wa Kongo St kumbe biashara yako ina babu yake 😀

Dogo_Mza
Samahani wakuu mi naanza, naona watu wanasema namba 11 namba 8, niliagiza 11 nikijua ni kubwa, zimekuja kama mchanga.

MamaTunga_Tanga
Mwanangu namba ikipanda ushanga unashuka. 6 ni kama milimita 4, 8 ni kama 3, 11 ni kama 2, na 15 hiyo mwachie mwenye macho ya ujana. Anza na 8. Sindano nayo hivyohivyo, namba kubwa ndo nyembamba, chukua 10, na uzi utapita mara mbili mara tatu kwenye tundu moja kwa hiyo usinunue mnene ukafikiri ndo imara, utakwama katikati na ukilazimisha ushanga unapasuka. Tandika taulo chini ya kazi zisikimbie.

Zuhura K
Na zile zenye fedha ndani ya tundu ni nzuri dukani, kwa mtu wa jasho zinageuka nyeusi. Hereni sawa, bangili hapana.

kijana_wa_Kajiado
Mwisho wa uzi choma na kiberiti cha gesi, kidonge kikivimba umemaliza.

NeemaNjiro
Usichome! Moto ukisogea kidogo umekata kazi yote. Rudisha uzi ndani ya kazi safu kadhaa kwa kupinda, fundo dogo katikati, endelea, kisha kata.

kijana_wa_Kajiado
Nimechoma tangu nikiwa mdogo na mama yangu, haijawahi kukata.

Sindano12
Nailoni choma ukijua mkono wako. Lastiki usiguse na moto, hiyo ivute kwanza kabla ya kutunga la sivyo wiki ya pili bangili imelegea, fundo weka tone la gundi.

Dogo_Mza
Asanteni sana. Sindano namba 10 Mwanza mjini zinapatikana wapi? Nimezunguka wananipa za kushonea magunia.

Zuhura K
Nenda kwa mafundi wanaotia urembo magauni ya harusi, wanazo. Nunua na za akiba, zinapinda hizo.