Kilengeo cha mbele cha rivolva: ushanga wa dhahabu au bapa jeusi la mraba?

Mlenga_Pole
Habari wakuu. Nina rivolva ambayo nataka kuibadilishia vilengeo. Nimebaki na machaguo mawili. La kwanza, mbele kuna ushanga wa rangi ya dhahabu na nyuma pengo la U. La pili, mbele ni bapa jeusi lililokatwa mraba na nyuma pengo la mraba. Muuzaji anataka jibu kabla ya Ijumaa. Moyo wangu uko kwa ushanga kwa sababu unaonekana haraka. Nichukue kipi?

FundiTupa
Rivolva gani? Mtutu inchi ngapi? Unapiga umbali gani, karatasi au mabamba ya chuma? Na macho yako yana umri gani? Hapo hujatuuliza kitu bado mkuu.

NuktaMoja
Mimi sihitaji hata kujua. Chukua ushanga. Jicho linaukimbilia lenyewe. Bapa jeusi juu ya shabaha nyeusi linamezwa, unabaki unakisia limeishia wapi. Ushanga unauketisha ndani ya U, kichwa chake usawa na kingo za pengo, umemaliza.

BabuMiwani
Kweli unawaka, na hapo hapo ndipo unapokudanganya. Ushanga wa mviringo jua likiupiga kutoka kulia, unang'aa upande wa kulia tu. Jicho linadhani ule mng'ao ndio ushanga mzima. Unauweka mng'ao katikati ya pengo, mtutu unakwenda kushoto na wewe hujui. Risasi zinalikimbia jua. Asubuhi kundi la matundu liko upande mmoja, jioni limehamia wa pili, na vilengeo hujavigusa. Kama lazima uwe ushanga, tafuta wenye uso bapa kama sarafu, ulioelekea juu kidogo upokee mwanga wa angani.

Mlenga_Pole
Samahani wakuu, nilikuwa na haraka. Ni Ruger GP100, mtutu wa inchi 6. Karatasi mara nyingi, mabamba mara mojamoja.

FundiTupa
Umbali bado hujataja. Lakini una bahati: kwenye GP100 yenye kilengeo cha nyuma cha kurekebisha, kile cha mbele kimeshikwa na pini ya springi pale mdomoni mwa mtutu. Unaibonyeza, kinatoka. Sio kama yangu.

Ngoja niwasimulie. Nilikuwa na rivolva ya zamani ambayo bapa lake la mbele limefungwa kwa pini iliyogongwa. Nikanunua kipande chenye ushanga kwa kukipenda kwa macho, kimo sikupima. Nikagonga pini, nikaweka kipya, nikaenda uwanjani nikijiona fundi. Mita 25, risasi ya kwanza siioni kwenye karatasi. Ya pili siioni. Ya tatu ikapiga ubao wa chini unaoshikilia karatasi. Kumbe kipande kipya kilikuwa kirefu kuliko cha zamani kwa karibu milimita 2. Pigeni hesabu: umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma kwangu ni sentimita 20. Mita 25 ni mara 125 ya hapo. Milimita 2 mara 125 ni sentimita 25 chini ya ninapolenga!

Nikainua kilengeo cha nyuma kwa skrubu mpaka kikasimama kama sikio la punda na kuanza kucheza. Haikutosha. Bapa la kawaida unalipunguza juu kwa tupa, risasi zinapanda, mambo yanaisha. Sasa wenye ushanga unapunguza wapi? Juu ndiko ushanga uliko! Nami kwa ubishi nikaweka tupa, taratibu kabisa. Mara ya tano au ya sita, tik. Kipunje cha shaba kikaruka. Nikapiga magoti na tochi saa nzima sakafuni. Mpaka leo kile kipande kina shimo mahali pa ushanga, nimekitundika juu ya meza ya kazi.

NuktaMoja
Pole, lakini hilo kosa ni la kutopima, ushanga hauna hatia. Ed McGivern, yule Mmarekani aliyesifika kwa kasi ya rivolva, alipenda ushanga mpaka kuna wa dhahabu wenye jina lake. Mwaka 1932 alifyatua risasi 5 kwa sehemu 9 kati ya 20 za sekunde moja, futi 15, na matundu yote yakafunikwa na sarafu moja.

BabuMiwani
Futi 15. Umeisoma mwenyewe hiyo namba? Huyu mwenzetu anapiga karatasi. Ushanga hauna ukingo wa juu ulionyooka, kwa hiyo kimo unakikadiria. Bapa la mraba lina paa. Unalilaza sambamba na kingo za pengo, unaacha mianya miwili sawa ya mwanga kushoto na kulia, unaweka duara jeusi juu yake kama chungwa juu ya meza. Ndiyo maana bapa hili la mraba, Partridge, limedumu kwa wapiga shabaha.

Kware_Mweusi
Ni Patridge. Yule ni mtu, E. E. Patridge, aliyelibuni. Partridge ni ndege, ndugu yake kware, na mimi kwa jina langu hili lazima nimtetee.

BabuMiwani
Haya, Patridge. Ndege amepata wakili.

Mlenga_Pole
Mita 15 hadi 25. Natumia risasi za .38 Special kwa mazoezi na za .357 Magnum, zenye nguvu zaidi, nikitaka kelele.

FundiTupa
Basi hapo kuna jingine. Risasi nzito inayokwenda polepole mara nyingi hupiga juu zaidi kwa umbali huo, kwa sababu inachelewa mtutuni wakati bastola imeshaanza kuinuka. Ukibadilisha risasi utagusa skrubu. Usiuze hicho cha nyuma cha kurekebisha kwa ajili ya pengo la U lisilosogea.

Kware_Mweusi
Mimi nina swali tofauti. Je, inaingia kwenye mkoba wa kiunoni? Bapa la mraba lenye kona kali linakwangua ngozi kila ukichomoa. Wangu una unga wa ngozi ndani kama mbao iliyopigwa randa. Kilengeo cha mteremko, kisicho na kona, kingekuwa bora kuliko vyote viwili.

NuktaMoja
Sasa umeleta chaguo la tatu, hatutalala.

Kware_Mweusi
La nne pia lipo: rangi ya kucha. Safisha mafuta kwanza, weka nyeupe, kisha rangi unayotaka juu yake. Ikikuchosha unaifuta.

BabuMiwani
Nyeupe chini ya nini? Chungwa? Mimi nyekundu siioni kabisa kwenye kivuli.

Kware_Mweusi
Chungwa kali. Tabaka mbili, siyo tatu, ya tatu inavimba na kingo zinapotea.

FundiTupa
Mtoa mada, swali la macho hujalijibu. Ukinyoosha mkono, ncha ya kilengeo unaiona kali au ina ukungu? Maana kama ina ukungu, hayo mengine yote tunapoteza muda.

Mlenga_Pole
Ina ukungu kidogo bila miwani. Nikivaa ya kusomea kilengeo kinakaa sawa lakini karatasi ndiyo inapotea. Hiyo ni kawaida?

BabuMiwani
Karatasi kupotea ni sawa. Kupotea kiasi gani?